Kaka Kaleta Dawa ya Kumbukumbu Kutoka Guangzhou

Mdogo wangu wa Kigamboni, ujumbe wako nimeusoma, na zile picha tano za maboksi nimezikuza kwenye simu mpaka nikayasoma maandishi ya ubavuni. Kwa faida ya wasomaji wengine: mama yake ana miaka 71, ana presha na sukari, na kila siku humeza pia kidonge kidogo cha aspirini. Tangu mwaka jana anasahau. Bodaboda hulipwa mara mbili, chumvi huingia mchuzini mara mbili, na kisa cha harusi ya shangazi hurudiwa kabla chai haijapoa. Lakini anaoga mwenyewe, anasali kwa wakati, na kwenye kikoba anajua nani hajarejesha na kwa wiki ngapi. Kaka mkubwa, ambaye hufuata mzigo Guangzhou, amerudi na maboksi matano ya dawa za mitishamba za Kichina za kurudisha kumbukumbu. Mama kafurahi. Binti ana wasiwasi, anauliza: ampe au asimpe, na kaka aambiwe nini?

Asipewe kwanza. Maboksi yakae kabatini, na usiyatupe. Siyaiti takataka, mdogo wangu. Baadhi yake ni dawa kwelikweli, na ndiyo maana yananitia wasiwasi, kwa sababu mama tayari ana dawa nyingine tatu au nne mwilini na hakuna aliyekaa akaziangalia zote kwa pamoja.

Sasa tuyafungue. Boksi la kijani, lenye picha ya jani la umbo la upepeo, ni ginkgo. Mti wenyewe ni wa China, lakini kidonge hiki si cha mababu wa Kichina kama boksi linavyotaka uamini. Kwa karne nyingi Wachina walitumia zaidi mbegu zake, kwa kikohozi na pumu, tena zikiwa zimepikwa, maana mbegu mbichi zina sumu inayoweza kumtia mtu degedege. Kukamua jani na kuliuza kama kidonge cha kumbukumbu ni kazi iliyokuzwa Ujerumani katika karne ya 20. Na kati ya mitishamba yote ya kumbukumbu, huu ndio uliopimwa kwa bidii kuliko mingine. Marekani walichukua wazee 3,069 wa miaka 75 na kuendelea, 482 kati yao wakiwa tayari na usahaulifu wa kiwango kidogo kama wa mama. Karibu nusu walipewa miligramu 120 asubuhi na jioni, waliobaki wakapewa vidonge vinavyofanana visivyo na dawa ndani, na hakuna aliyejua anameza kipi. Waliwafuatilia kwa takriban miaka sita. Majibu yalitoka mwaka 2008: ginkgo haikumkinga mtu na dimenshia, yaani ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu hadi mtu ashindwe kujimudu. Ufaransa nao walifanya jaribio la wazee zaidi ya 2,800 kwa miaka mitano, na mwaka 2012 wakasema vilevile. Yapo majaribio mengine yaliyoona unafuu kidogo kwa watu ambao dimenshia imeshawapata, na sitaki kuyaficha. Lakini kwa ulivyonieleza, mama hayupo huko, na ginkgo ikikutana na aspirini inaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Mzee anayesahau mara nyingi pia huanguka. Akigonga kichwa bafuni huku damu yake haigandi vizuri, hapo kuna kitu kibaya kuliko kusahau jina la jirani.

Boksi jeupe lenye maandishi ya bluu lina kitu kinachoitwa huperzine A. Hutoka kwenye mmea mdogo unaofanana na kuvumwani, ambao Wachina huuita qian ceng ta. Wanasayansi wa China walikitenga kiini chake miaka ya 1980, na kwao ni dawa inayotolewa kwa wagonjwa wa Alzheimer, aina mojawapo ya dimenshia. Hufanya kazi kama donepezil, dawa ambayo daktari wa hospitali anaweza kumwandikia mgonjwa wa dimenshia: zote mbili huzuia kuvunjwa kwa asetilikolini, kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupashana habari. Ukisikia hivyo utaona jambo moja la hatari: mtu akimeza hiki kwa siri, kisha kliniki wakamwandikia kile, ni kama amemeza dawa ileile mara mbili kwa majina mawili. Mapigo ya moyo hushuka, tumbo huharisha, kichefuchefu, hata kuzirai. Na faida? Mwaka 2011 lilitoka jaribio la Marekani la wagonjwa 210 wa Alzheimer. Kipimo cha maikrogramu 200 mara mbili kwa siku, kwa wiki 16, hakikuwa bora kuliko kidonge kitupu.

Boksi la tatu ndilo lililonipendeza, nakiri. Lina viungo vinne tu, vimeandikwa kwa herufi zetu chini ya zile za Kichina: ren shen, yuan zhi, shi chang pu, fu ling. Ren shen ni ginseng unayoijua. Yuan zhi na shi chang pu ni mizizi, na fu ling ni aina ya uyoga unaoota kwenye mizizi ya msonobari. Mchanganyiko huu huitwa Kai Xin San, na unatokana na kitabu cha tabibu Sun Simiao, aliyeishi China karne ya 7. Kwa hiyo hapa hatucheki na mtu. Hii ni elimu iliyoandikwa na kubishaniwa na watu wenye akili zao kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Lakini elimu hiyo ina masharti yake, na muuzaji wa boksi ameyaruka. Kwa tabibu wa Kichina, kusahau si ugonjwa mmoja. Mzee mmoja ataambiwa figo zake zimechoka, kwa kuwa katika mafundisho yao figo ndizo zinazotunza asili ya uhai, nayo ndiyo huzaa uboho unaojaza ubongo. Mwingine ataambiwa moyo wake, ambao kwao ndio makao ya fahamu, umedhoofika. Wa tatu ni makohozi yameziba njia, wa nne ni damu imekwama. Ili ajue, anashika mkono wa mgonjwa na kusikiliza mshipa kwa vidole vitatu, kulia na kushoto. Anatazama ulimi: rangi, utando, alama za meno pembeni. Anauliza usingizi, choo, jasho la usiku. Kisha anaandika mchanganyiko wa mtu huyo peke yake, unapimwa kwenye mizani, unachemshwa kwenye chungu cha udongo, na mgonjwa akirudi baada ya wiki moja au mbili tabibu anaongeza hiki na kuondoa kile. Wazee wawili wenye usahaulifu uleule wanaweza kutoka kwake na mifuko miwili isiyofanana. Sasa niambie, aliyemuuzia kaka yako amemwona mama? Ameushika mkono wake? Boksi moja kwa wazee wote wa dunia ni biashara ya kisasa tu, hata kwa kipimo cha Wachina wenyewe.

Na ushahidi wa mchanganyiko huu ukoje? Majaribio yapo mengi, karibu yote ya China, na wataalamu wanaoyakusanya wanarudia malalamiko yaleyale: washiriki wachache, muda mfupi, na mara nyingi mgonjwa na daktari wote wanajua nani kapewa dawa. Matokeo mengi yanavutia. Kutegemewa ni jambo jingine. Udhaifu huu una uzito zaidi kwa hali ya mama, maana usahaulifu wa kiwango kidogo, ambao kipimo kinauonyesha lakini mtu bado anajiendesha, hauendi njia moja. Wapo wanaoteremka hadi dimenshia. Wapo wanaobaki palepale miaka. Na wapo wanaorudi sawa bila dawa yoyote. Huyu wa mwisho kama alikuwa anakunywa mizizi, mizizi itabeba sifa, na mtaa mzima utaagiza.

Sina chuki na dawa za Kichina, asije mtu akaniandikia kwa hasira. Kila aliyewahi kumeza dawa mseto ya malaria ameponywa na jani la Kichina. Mwanasayansi wa China Tu Youyou na wenzake walisoma vitabu vya zamani, wakakuta maelezo ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4 kuhusu jani la qinghao lililolowekwa na kukamuliwa, wakatambua kwamba moto wa kuchemsha ulikuwa unaiharibu dawa, wakakitoa kiini kwa joto dogo. Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Angalia alichofanya, lakini: alikitenga kiini, akakipima, akakijaribu, ndipo kikapata kipimo cha miligramu tunachomeza leo. Jani la kumbukumbu bado halijapata Tu Youyou wake.

Boksi la nne ni he shou wu, mzizi mweusi unaouzwa kwa nywele nyeupe, nguvu za uzee na kumbukumbu. Hili nitakwambia bila kuzunguka: lisimguse mama. Mzizi huu unajulikana kwa kuumiza ini, na taarifa zake zimetoka China kwenyewe na nchi nyingine. Wapo walioingia hospitali na macho ya manjano.

Boksi la tano lina mzee wa ndevu nyeupe kwa mbele, dhahabu pande zote, vidonge vidogo vyekundu ndani, na orodha ya viungo hakuna. Sitabahatisha kilichomo. Ninachojua ni kwamba baadhi ya dawa za kale za Kichina za kutuliza moyo na akili huwekwa zhusha, madini mekundu yenye zebaki, na kwamba wakaguzi wa nchi mbalimbali wamekuta dawa za “asili tupu” zimechanganywa vidonge vya hospitali vilivyosagwa, zikiwemo steroidi. Makosa ya kubadilisha mmea nayo yana historia yake. Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake waliokuwa kwenye kliniki ya kupunguza unene walipewa mmea mmoja wa Kichina badala ya mwingine wenye jina linalokaribiana nao, na zaidi ya mia moja waliharibika figo. Wengine wakapata saratani. Yalikuwa majina mawili, fang ji na guang fang ji, na hayakutofautishwa. Kwa hiyo dawa isiyo na orodha ya viungo haina mjadala.

Kwa wasomaji wengine wenye maboksi tofauti na haya, majina machache ya kuyatafuta ubavuni. Dan shen na dang gui, kama mzee anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande: hapana kabisa bila daktari, damu inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi. Gan cao, ambayo ni mizizi ya urukususu na imo katika michanganyiko mingi sana ya Kichina: ikitumika kwa wingi na kwa muda mrefu hupandisha presha na kushusha potasiamu, hasa kwa anayemeza dawa ya presha ya kukojoza. Ginseng inaweza kushusha sukari juu ya ile inayoshushwa na vidonge. Yale matunda madogo mekundu makavu ya gou qi, ambayo siku hizi watu wanayaweka kwenye uji, ni chakula cha kawaida kwa wengi, ila anayetumia warfarini ayaache.

Sasa kazi halisi. Mama hajapimwa, mdogo wangu. Umeniandikia kurasa na sikuona popote kwamba kuna mtu wa hospitali aliyetafuta kwa nini anasahau. Chukua mfuko au kikapu, weka kila kitu anachomeza na alichowahi kumeza miezi hii: vya presha, vya sukari, aspirini, vya mafua, vya usingizi, vile alivyopewa na jirani, na maboksi yote matano. Nenda naye dirisha la wazee. Mwageni vyote mezani kwa daktari.

Mwombe aanze na vidonge vya hospitali kabla hajaenda kwa mizizi. Piriton, ambayo nyumba nyingi humpa mzee “apate usingizi,” huvuruga kumbukumbu ya mtu mzima, kwa kuwa inaizuia ileile asetilikolini niliyokutajia. Fikiria: binti anampa mama Piriton usiku, kaka anampa huperzine asubuhi, na ubongo wa mama unavutwa huku na huku. Amitriptilini nayo hivyo, na Valium ina ubaya wake. Metformini, ambayo wagonjwa wengi wa sukari wanaitumia, kwa miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo huleta usahaulifu unaoweza kutibika ukiwahiwa. Sukari ikishuka mno, mzee huchanganyikiwa na watu wakasema ni uzee. Daktari apime pia tezi ya shingo, damu, na aulize kuhusu huzuni. Mama kafiwa? Analala? Mzee mwenye sonona husahau kama mwenye dimenshia, na dawa yake ni nyingine kabisa. Masikio nayo yaangaliwe, kwani asichokisikia hawezi kukikumbuka. Akiambiwa achore saa na kutaja maneno aliyopewa dakika tano zilizopita, usimsaidie. Najua utatamani.

Na kama kusahau kumeanza ghafla, kwa siku mbili tatu, au baada ya kuanguka, usisubiri miadi. Hiyo ni leo hii hii.

Presha ndiyo ningeipigania kuliko boksi lolote. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya jaribio la Marekani la watu zaidi ya 9,000: waliosimamiwa hadi namba ya juu ya presha ikawa chini ya 120 walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 19 wa kupata usahaulifu wa aina hii kuliko waliolengwa chini ya 140. Wenye sukari hawakuwemo kwenye jaribio hilo, kwa hiyo namba ya mama apange daktari wake, usimshushie mwenyewe.

Ukitaka kitu cha Kichina kwa mama, kipo, na hakimezwi. Ni tai chi, yale mazoezi ya polepole ya kuhamisha uzito mguu hadi mguu huku mikono ikifuatana. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya wazee 318 wa Marekani wenye tatizo kama la mama, wakifanya mara mbili kwa wiki kwa wiki 24, nyumbani kwao, mwalimu akiwa kwenye video. Waliofanya tai chi huku wakipewa maswali ya kichwa, kama kutaja herufi za neno kinyumenyume, ndio waliopanda zaidi kwenye kipimo cha uwezo wa akili. Mama akiona aibu kufanya mambo ya sinema uani, apige mguu kwenda sokoni na kurudi, na njiani umuulize bei za wiki iliyopita.

Tuje kwa kaka. Usimwambie ametapeliwa. Mtu amebeba maboksi kwenye begi lenye kilo za kuhesabu, akaacha nafasi ambayo angeweka bidhaa ya kuuza, kwa ajili ya mama yake. Anza na shukrani, na iwe ya kweli. Halafu umpe kazi, kwa maana kaka wakubwa huelewana na kazi kuliko na mahubiri: “Kaka, daktari anataka kuyaona, twende wote Jumanne.” Asikie hospitalini kwa masikio yake. Akiuliza safari ijayo alete nini, mwambie kipima presha cha kufunga mkono wa juu, si kile cha kifundo cha mkono. Guangzhou vipo tele.

Mama naye aambiwe ukweli. Usimwekee dawa kwenye uji kimyakimya, wala usimfichie kabatini halafu ukamwambia zimeisha. Anasahau, hajawa mtoto. Mwambie: “Mama, hizi zinaweza kugombana na dawa zako, tunamuuliza daktari kwanza.” Akiuliza tena kesho, jibu tena kesho, kwa sauti ileile. Na acheni ule mchezo wa kumuuliza mbele ya wageni “huyu nani, mtaje.” Mtihani wa daktari unatosha. Wakati bado anaelewa hesabu zake vizuri, kaeni naye mzungumze kuhusu namba ya siri ya M-Pesa, hati ya kiwanja na nani asimamie nini. Bado ana nafasi ya kusema anachotaka, na matapeli wa simu hawasubiri familia ikae kikao.

Daktari akikubali lile boksi la viungo vinne, sawa, mkae mkijua kipimo, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuacha, na ini na figo zipimwe. Mengine yasiende kwa jirani mwenye mama anayesahau, na usiyauze mtandaoni kurudisha hela ya kaka. La tano, lisilo na orodha, mkabidhi mfamasia au ofisi iliyo karibu ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kaka abaki na risiti, kama alipewa.